MARAFIKI WANAPOFICHANA

Katika matawi yetu siku hizi yasikika mazungumzo ya namna moja. Wanachama wanasikia redioni na kusoma magazetini kwamba mataifa makubwa ya Magharibi, yaliyojiita ndugu tangu Vita Kuu ya Pili ilipokwisha mwaka 1945, hayaaminiani tena kama zamani. Mmoja hucheka akasema, "Waache wagombane, hao ndio waliotugawana." Mwingine hushika tama akauliza, "Na misaada je?" Sisi twaona kwamba wote wawili wamefanya haraka. Jambo hili si la kuchekelea wala si la kulilia. Ni la kujifunza, na mafunzo yake yatuhusu sisi kuliko tunavyodhani.

Kwanza yafaa tuelewane juu ya neno lenyewe. Kugombana si kuvunja urafiki. Mataifa marafiki hugombana kila mwaka juu ya bei, juu ya samaki, juu ya mipaka ya bahari, na kesho yake mabalozi wao wakanywa chai pamoja. Urafiki wa mataifa huvunjika pale mmoja anapogundua kwamba mwenzake alimficha jambo kubwa, akamtazama usoni akasema hakuna kitu, kumbe kipo. Hapo ndipo kila neno la zamani hupimwa upya. Mtu akikudanganya juu ya ng'ombe mmoja, utakwenda kuhesabu zizi zima.

Ili jambo hili lionekane wazi tutalitazama katika habari moja ambayo leo haina siri tena, kwa kuwa karatasi zake zimefunguliwa na waliozificha wamekwisha kufa. Ni habari ya Mfereji wa Suez ya mwaka 1956.

MFEREJI NA SIRI YAKE

Mfereji wa Suez ulifunguliwa mwaka 1869 katika ardhi ya Misri, lakini faida yake ilikwenda Ulaya. Mwaka 1875 Serikali ya Uingereza ilinunua hisa za mtawala wa Misri aliyekuwa amezama katika madeni, na tangu hapo Waingereza na Wafaransa ndio waliokuwa wenye mali. Majeshi ya Kiingereza yaliingia Misri mwaka 1882, na askari wa mwisho hakuondoka kandokando ya mfereji huo mpaka Juni 1956. Hesabuni wenyewe: ni zaidi ya miaka 70.

Rais Gamal Abdel Nasser alitaka kujenga bwawa kubwa huko Aswan ili Wamisri wapate maji ya kilimo na umeme. Marekani na Uingereza ziliahidi kusaidia kwa fedha. Tarehe 19 Julai 1956 Marekani ikaondoa ahadi yake, na Uingereza ikafuata. Siku saba baadaye, tarehe 26 Julai, Nasser akasimama mbele ya watu wake mjini Alexandria akatangaza kwamba Kampuni ya Mfereji ni mali ya Misri, wenye hisa watalipwa fidia, na ushuru wa meli utajenga bwawa.

Waziri Mkuu wa Uingereza, Bwana Anthony Eden, alikasirika sana. Wafaransa nao walikasirika, kwa sababu Nasser alikuwa akiwasaidia wapigania uhuru wa Algeria. Lakini rafiki yao mkubwa, Rais Eisenhower wa Marekani, aliwaambia tena na tena katika miezi ile kwamba hakubali vita kwa ajili ya mfereji. Hilo lilikuwa gomvi la kawaida la marafiki. Wangeweza kubishana mpaka mwisho wa mwaka na urafiki ukabaki pale pale.

Sasa tazameni walilolifanya. Kuanzia tarehe 22 mpaka 24 Oktoba 1956, watu wa serikali tatu, Ufaransa, Israeli na Uingereza, walikutana kwa siri katika nyumba moja huko Sèvres, karibu na Paris. Wakapanga hivi: Israeli itaivamia Misri, kisha Uingereza na Ufaransa zitajifanya wasuluhishi, zitaziamuru pande zote mbili ziondoke kando ya mfereji, Misri ikikataa, kama ilivyokuwa hakika kwamba itakataa, majeshi ya Uingereza na Ufaransa yataingia eti kuulinda mfereji. Mapatano hayo yakaandikwa na kutiwa sahihi. Bwana Eden alipopata habari kwamba kuna karatasi, alituma watu kwenda kuomba nakala zote zichomwe. Walikwisha kuchelewa, nakala ya Waisraeli ilibaki, na leo kila mtu aweza kuisoma.

Marekani haikuambiwa. Eisenhower alikuwa siku chache kabla ya uchaguzi wake wa tarehe 6 Novemba, naye alipata habari za vita kama mtu baki. Israeli ilishambulia tarehe 29 Oktoba. Kesho yake ikaja ile amri ya "wasuluhishi." Tarehe 31 ndege za Kiingereza zikaanza kupiga viwanja vya ndege vya Misri. Tarehe 5 Novemba askari wa miavuli walishuka Port Said, na tarehe 6 wakashuka wengine kutoka melini.

Wapo wanaodhani kwamba Marekani ilikasirika kwa sababu iliwapenda Wamisri. Yatupasa tuwe waangalifu hapa. Marekani hiyo hiyo ndiyo iliyoondoa fedha za bwawa mwezi Julai. Ilikasirika kwa sababu zake yenyewe: iliogopa kwamba nchi za Kiarabu zitaikimbilia Urusi, ilifedheheka kwa kuwa katika siku zile zile vifaru vya Urusi vilikuwa vikiwaponda watu wa Hungaria, na dunia ikaona kwamba Magharibi haina la kusema, na zaidi ya hayo iliudhika kwa kufichwa na watu iliowaita ndugu. Haki ya Misri na faida ya Marekani zilikutana njiani siku hiyo, zikasafiri pamoja kidogo, zikaachana. Anayejenga siasa yake juu ya safari kama hiyo atajikuta peke yake njia panda.

PESA ILIYOZUNGUMZA

Marekani haikuipiga Uingereza hata risasi moja. Ilikaa tu bila kuisaidia. Wakati ule pauni moja ya Kiingereza ilikuwa sawa na dola 2.80, na ili kuishikilia bei hiyo Waingereza walihitaji dola katika hazina yao. Vita ilipoanza, wenye pauni duniani walianza kuziuza. Misri ilizamisha meli ndani ya mfereji ukazibika. Bomba la mafuta kutoka Iraki likalipuliwa huko Syria. Ikawa mafuta ya Uingereza hayana budi kununuliwa upande wa Amerika, tena kwa dola, na dola ndizo zilizokuwa zikiisha. Katika mwezi wa Novemba peke yake akiba ya Uingereza ilipungua kwa dola milioni 279.

Uingereza ikabisha hodi katika Shirika la Fedha la Kimataifa. Marekani, yenye sauti kubwa humo, ikajibu: ondoeni askari kwanza, ndipo tuzungumze. Ufalme uliojivuna kwamba jua halizami katika himaya yake ukaambiwa maneno ambayo mkopeshaji humwambia mkopaji. Ulipokubali kuondoka, fedha zilitoka: mwezi wa Desemba ulipewa dola milioni 561 mara moja, pamoja na ahadi ya nyingine, jumla yake ikakaribia dola milioni 1,300.

Katika Umoja wa Mataifa aibu ilikuwa kubwa zaidi. Tarehe 2 Novemba Baraza Kuu lilipiga kura ya kutaka vita isimamishwe. Nchi 64 zilikubali. Zilizokataa ni 5 tu: Uingereza, Ufaransa, Israeli, Australia na New Zealand. Hata Kanada, mtoto wa Uingereza, haikumuunga mkono mama yake. Ilikaa kando, na waziri wake Lester Pearson akatoa shauri la kupeleka askari wa Umoja wa Mataifa. Kwa kazi hiyo alipewa Nishani ya Nobel ya Amani mwaka 1957.

Tena kuna habari ya Wafaransa, ambayo watu wengi huisahau. Majeshi yote mawili yalikuwa chini ya mkuu mmoja, Jenerali wa Kiingereza. Eden alipoogopa pauni kuanguka akakubali kusimamisha vita usiku wa tarehe 6 Novemba, Wafaransa hawakuwa tayari kusimama; lakini kwa kuwa amri ilikuwa mkononi mwa Mwingereza, hawakuweza kuendelea peke yao. Basi Ufaransa ilijiona imeachwa mara mbili kwa juma moja: kwanza na Marekani, pili na Uingereza aliyekula naye njama. Wanjama nao hawaaminiani, na ni haki yao, maana kila mmoja amekwisha kuona jinsi mwenzake anavyoweza kudanganya.

Tarehe 20 Desemba Bwana Eden alisimama Bungeni akakana kwamba alijua mapema juu ya shambulio la Israeli. Siku mbili baadaye askari wa mwisho wa Uingereza na Ufaransa waliondoka Port Said. Tarehe 9 Januari 1957 Eden akajiuzulu. Njia ya mwongo ni fupi, na hii ilikuwa na urefu wa majuma kumi na moja.

Wasomaji wa pwani yetu wasidhani kwamba hayo yalikuwa ya mbali. Mfereji ulipozibika mpaka Aprili 1957, meli za Ulaya zilizokuja Mombasa na Dar es Salaam kwa njia hiyo zilibidi kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema. Na katika mwezi ule ule wa Desemba 1956, wakati Uingereza ilipokuwa ikifunga mizigo Port Said, Mwalimu Julius Nyerere alikuwa New York mbele ya kamati ya Umoja wa Mataifa akidai haki ya watu wa Tanganyika, nchi iliyokuwa chini ya udhamini wa Uingereza hiyo hiyo. Waliomsikiliza walikuwa wajumbe wa Umoja ule ule uliokwisha kuona jinsi mdhamini anavyosema kweli na jinsi anavyosema uongo. Hatusemi kwamba Suez ndiyo iliyotupa uhuru. Uhuru uliletwa na watu waliolipa ada za chama kwa senti zao na kutembea kwa miguu kutoka kijiji hata kijiji. Lakini baada ya Suez hakuna aliyeweza kuaminishwa tena kwamba dola hiyo haishindiki.

KILA MTU ALIJIFUNZA LAKE

Mfano huu una faida kwetu kwa sababu marafiki wale wawili walitoka Suez na jeraha moja lakini wakatumia dawa mbili mbalimbali.

Uingereza iliamua kwamba haitathubutu tena kutengana na Marekani. Waziri Mkuu mpya, Bwana Harold Macmillan, alikutana na Eisenhower huko Bermuda mwezi Machi 1957 kutengeneza mambo, na tangu hapo Uingereza ilijishikamanisha. Mwaka 2003 Marekani ilipoivamia Iraki, Uingereza ilikwenda nayo, ingawa watu wake kwa mamia ya maelfu walijaa barabara za London kukataa. Na silaha za maangamizi zilizotajwa kuwa sababu ya vita hazikuonekana.

Ufaransa iliamua kinyume. Ilisema, anayetegemea silaha ya mwenzake ataitumia kwa ruhusa ya mwenzake. Ikatengeneza bomu lake la atomiki, na bila haya ikalijaribu tarehe 13 Februari 1960 katika Sahara ya Algeria, juu ya ardhi ya Waafrika, ijapokuwa Afrika ilipiga kelele. Mwaka 1963, na tena mwaka 1967, Jenerali de Gaulle aliifungia Uingereza mlango wa Soko la Pamoja la Ulaya, akiishuku kwamba ni mjumbe wa Marekani. Mwaka 1966 aliyatoa majeshi yake katika uongozi wa pamoja wa NATO, na majeshi ya Marekani yakaambiwa yafunge virago. Ufaransa haikurudi katika uongozi huo mpaka mwaka 2009. Jeraha la siku chache lilichukua zaidi ya miaka 50 kufungwa, tena halikupona vizuri.

Kwani lilichubuliwa upya. Mwaka 2016 Australia ilikuwa imekubaliana na Ufaransa itengenezewe nyambizi 12. Mwezi wa Septemba 2021 Wafaransa walipata habari, saa chache tu kabla ya dunia nzima, kwamba Australia imelivunja shauri hilo, na kwamba kwa miezi mingi ilikuwa ikizungumza kwa siri na Marekani na Uingereza juu ya nyambizi za nguvu za nyuklia. Ufaransa ikawaita nyumbani mabalozi wake kutoka Washington na Canberra. Mwaka 2022 Australia ililipa euro milioni 555 kwa kuvunja mkataba. Tazameni: fedha ililipwa, mabalozi walirudi, lakini malalamiko ya Wafaransa tangu siku ya kwanza hayakuwa juu ya fedha. Walisema, "Mlituficha." Neno la mwaka 1956, safari hii likisemwa na upande mwingine.

Kisha ukaja mwaka 2025. Mwezi wa Januari, kabla hata hajaapishwa, Bwana Donald Trump alikataa kuahidi kwamba hatatumia nguvu kuipata Greenland, kisiwa kilicho chini ya Denmark. Denmark ni mwanachama wa NATO tangu siku ya kuundwa kwake mwaka 1949. Mwaka 1951 iliiruhusu Marekani kuweka majeshi Greenland. Na Marekani iliposhambuliwa mwaka 2001, askari wa Denmark walikwenda kufa Afghanistan kwa ajili ya mkataba huo. Kanada nayo, jirani anayelinda anga moja na Marekani tangu miaka ya 1950, ilitozwa ushuru mzito na kuambiwa kwamba ingefaa iwe jimbo. Mwezi wa Machi 2025 Waziri Mkuu wake, Bwana Mark Carney, aliwaambia watu wake kwamba uhusiano wa zamani umekwisha.

Hapa lakini iko tofauti ambayo yafaa tuione. Mwaka 1956 imani ilivunjwa kwa siri. Mwaka 2025 ilivunjwa hadharani, kwa kipaza sauti. Mtu aweza kusema basi huyu wa pili ni mkweli zaidi. Hapana. Ahadi iliyoandikwa ikikanwa kwa sauti kubwa bado imekanwa. Mkataba ni neno la nchi, si neno la mtu mmoja, na nchi ambayo neno lake hubadilika kila uchaguzi yawalazimisha rafiki zake kuishi kama wapangaji wasiojua mwenye nyumba wa mwezi ujao.

TUSICHEKE SANA

Sasa tuje nyumbani. Mwanachama anayecheka tunamwomba akumbuke mwaka 1977.

Kenya, Uganda na Tanzania zilikuwa na jambo ambalo Ulaya wakati ule ilikuwa ikilitamani. Kwa mkataba wa Kampala wa mwaka 1967 tulikuwa na Jumuiya yenye reli moja, bandari moja, posta moja na shirika moja la ndege. Haikuvunjwa na mabeberu peke yao, ingawa walifurahi. Tuliivunja wenyewe. Baada ya Idi Amin kunyakua serikali ya Uganda mwaka 1971, wakuu watatu hawakukaa tena meza moja. Mmoja alisema mwenzake anapata faida kuliko wengine. Mmoja alizuia fedha za shirika katika nchi yake. Kila mmoja akaona ni mjinga kupeleka fedha kama mwenzake hapeleki. Mwanzoni mwa mwaka 1977 shirika la ndege lilianguka, Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya, na mpaka huo haukufunguliwa mpaka mwaka 1983. Mali iligawanywa kwa mapatano ya Arusha ya mwaka 1984. Wafanyakazi wa Jumuiya waliozeeka wakidai haki zao walihangaika miaka mingi kutoka ofisi hata ofisi na mahakama hata mahakama, na wengine waliingia kaburini wakidai.

Hao wazee ndio gharama ya imani kuvunjika. Viongozi hugombana, na magazeti huandika majina yao. Lakini bili huletwa kwa karani wa reli, kwa fundi wa ndege, kwa mama aliyekuwa akiuza vitunguu upande wa pili wa mpaka. Jumuiya ilifufuliwa kwa mkataba wa mwaka 1999. Walioifufua walianza na hesabu, na walifanya vyema, maana mali bila daftari huisha bila habari, na udugu bila daftari huisha kwa habari mbaya.

TUSILIE PIA

Na yule aliyeshika tama tunamwomba akumbuke mwaka 1965.

Mwaka ule Ujerumani ya Magharibi ilituambia tusiwe na uhusiano wa namna fulani na Ujerumani ya Mashariki, ambayo Zanzibar ilikuwa imekwisha kuitambua kabla ya Muungano wa Aprili 1964. Serikali ya Tanzania ilitafuta njia ya katikati, ikakubali ofisi ya konseli tu mjini Dar es Salaam. Ujerumani ya Magharibi ikajibu kwa kuondoa ghafula msaada wake wa kijeshi. Mwalimu Nyerere akasema, kama msaada ni kamba ya kutufunga shingoni, basi chukueni na uliobaki. Mwisho wa mwaka ule ule, Ian Smith alipojitangazia uhuru wa walowezi wachache huko Rhodesia na Uingereza ikasita, Tanzania ilitimiza azimio la nchi za Afrika ikavunja uhusiano wa kibalozi na Uingereza. Mkopo wa pauni milioni 7.5 ulizuiliwa. Nchi hiyo ilikuwa na miaka minne ya uhuru.

Hatusemi kwamba haikuuma. Iliuma. Anayewaambia wanachama kwamba kujitegemea hakuna gharama anawadanganya, na sisi tumekwisha kusema uongo huzaa nini. Kuna skuli ambazo hazikujengwa mwaka ule na barabara ambazo hazikulimwa. Lakini nchi ilijifunza kupanga mipango kwa fedha zake, na miaka miwili baadaye ikatangaza Azimio la Arusha, lililosema wazi kwamba fedha za wengine haziwezi kuwa msingi wa maendeleo yetu.

Je, tulilishika funzo hilo? Jibu lilikuja mwaka 2025. Tarehe 20 Januari Serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje kwa siku 90, na tarehe 1 Julai shirika lake la misaada, USAID, likafungwa. Kwa miaka mingi dawa za wagonjwa wa UKIMWI katika nchi zetu zilikuwa zikilipiwa kwa sehemu kubwa na mpango wa Marekani ulioanzishwa mwaka 2003. Mpango huo uliokoa maisha ya watu wengi sana, na si adabu kulisahau hilo. Lakini asubuhi moja wauguzi na wahudumu wa vijijini waliambiwa wasije kazini, na mgonjwa aliyezoea kuchukua dawa yake akauliza, "Mwezi ujao je?" na hapakuwa na wa kumjibu.

Swali la mgonjwa yule ndilo swali letu lote. Haliwezi kujibiwa kwa kuwatukana Wamarekani. Mwenye mali alichukua mali yake. Yapasa tujiulize sisi tulikuwa wapi tangu Aprili 2001, siku wakuu wa Afrika walipokutana Abuja wakaahidi kutoa asilimia 15 ya bajeti zao kwa afya. Serikali nyingi hazikuifikia ahadi hiyo. Nayo ilikuwa ahadi kwa watu wao wenyewe, si kwa mgeni. Tukiwahukumu Eden na wenzake kwa kuvunja neno, hatuna budi kuiweka na ahadi ya Abuja katika mizani hiyo hiyo.

LA KUFANYA

Wanachama watauliza, basi chama kifanye nini? Sisi hatuna nyambizi wala hazina ya dola. Tunayo matawi, na tawi lina kazi tatu ambazo hazihitaji ruhusa ya mtu.

Ya kwanza ni kudai mikataba isomwe. Karatasi ya Sèvres ilifichwa kwa Bunge la Uingereza na kwa watu wa Uingereza kabla ya kufichwa kwa Marekani. Serikali inayomficha rafiki huanza kwa kuwaficha raia wake. Mkopo wa bandari, wa reli, wa mgodi au wa gesi ukitiwa sahihi kwa niaba yetu, tuna haki ya kujua riba yake, muda wake, na kitu gani kimewekwa rehani. Mjumbe atakayesema mambo hayo ni magumu kwa wananchi, aambiwe kwamba watakaolipa ni hao hao wananchi, na kulipa hakujapata kuwa kugumu kwao.

Ya pili ni kuhesabu. Kila tawi na lijue katika kata yake ni kitu gani kinalipiwa na mgeni: dawa zipi katika zahanati, kisima kipi, vitabu vipi, mshahara wa nani. Si kwa nia ya kuvikataa. Ni ili bajeti itakapojadiliwa diwani wetu asimame akiwa na orodha mkononi, aulize kila kimoja kitalipiwa na nani siku mgeni akiondoka. Uingereza ilijua hesabu ya dola zake baada ya kupeleka askari. Sisi tujue kabla.

Ya tatu ni kuutunza ujirani. Mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe, wazee walisema. Dola kubwa zikikosana, kila moja itatutafuta na zawadi, itutake tuseme adui yake ni adui wetu. Taifa dogo lililo peke yake hushindwa kukataa. Mataifa jirani yanayolipa ada zao kwa wakati, yanayoambiana kweli hata ikiwa chungu, na yanayofungua madaftari yao mbele ya wenzao, yaweza kukataa kwa sauti moja. Basi mwanachama akimsikia kiongozi, hata awe wetu, akimtukana jirani ili apigiwe makofi, asipige.

Kati ya mataifa, kama kati ya watu wa nyumba moja, imani haidaiwi kwa hotuba. Hulimbikizwa kidogo kidogo kwa kutimiza, nayo yaweza kutumika yote kwa siku tatu katika nyumba ya siri. Uingereza na Ufaransa zilikuwa na majeshi, manowari na wino wa karne nyingi, lakini hazikuweza kuinunua tena. Sisi tusiokuwa na hayo tuna sababu zaidi ya kuitunza ile tuliyonayo: kati yetu na majirani, na kabla ya hapo, kati ya chama na wale wanaokilipia ada.

Mkutano wa tawi ujao, leteni orodha.